Lengelenge la moto na mchubuko wa muundi kipindi cha joto: kufunika au kuacha wazi?

Nuru_K
Wakuu, naomba mwongozo. Mtu mzima kaunguzwa na mvuke jana jioni, upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko. Limetoka lengelenge moja la ukubwa wa kijiko cha chai, halijapasuka. Huyohuyo ana mchubuko wa siku 3 kwenye muundi. Huku ni joto na unyevu, jasho halikauki. Tukibandika plasta, baada ya saa chache imelowa chapachapa na ngozi ya pembeni imekuwa nyeupe na mikunjo. Tukiacha wazi, nzi. Wapo wanaosema kidonda kipate hewa kikauke, wapo wanaosema kifunikwe. Tushike lipi? Na lengelenge litobolewe?

ZamuYaUsiku
Pole yake. Kifunikeni, ila kisivundike.

Ngozi mpya huota kwa seli kutambaa kutoka kingoni kuelekea katikati, na hutambaa vizuri penye unyevunyevu kidogo. Kidonda kikikaushwa hadi kikafanya kigaga kinene, seli hulazimika kupita chini ya kigaga na uponaji unachelewa. Hiyo ngozi nyeupe yenye mikunjo ni jambo jingine: imelowa jasho kupita kiasi na kulegea, vijidudu vinapenya kwa urahisi na kidonda kinapanuka pembeni. Kwa hiyo tatizo ni ile plasta ya plastiki isiyopitisha hewa, pamoja na kuchelewa kuibadilisha.

Lengelenge lisitobolewe. Ngozi ile ya juu ndiyo bandeji bora kuliko yoyote mtakayonunua. Likipasuka lenyewe, osheni taratibu kwa maji safi na sabuni isiyo kali, ngozi yake ilazeni ilipokuwa, msiivute.

Kufunga: pakeni mafuta ya mgando kiasi kidogo kwenye shashi safi (kwenye shashi, siyo kwenye kidonda, vidole visiguse), laza, ongeza tabaka 2 za shashi kavu, zungushia bandeji ya pamba bila kukaza. Vidole vikivimba au vikifa ganzi, imekaza. Badilisheni mara moja kwa siku. Ikilowa kabla ya hapo, badilisheni hapohapo hata kama ni mara 3 kwa siku. Kabla ya kufunga upya, ngozi ya pembeni ikaushwe kwa kugusagusa na shashi, halafu mkono ukae wazi dakika chache ndani ya chandarua au mahali pasipo na nzi.

Shashi ikigandia, msiichomoe kavu. Mwagieni maji, subirini dakika 5 hadi 10, kisha ikunjeni taratibu ikiwa imelala sambamba na ngozi. Kuivuta kwenda juu kunang'oa ngozi iliyoota usiku kucha.

Kwa siku nyingine: moto ukishachoma, vua pete na bangili mara moja, kisha maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 kamili. Yanasaidia hata kama zimepita saa 2 au 3. Barafu hapana, inaua ngozi iliyokwisha kudhoofika. Dawa ya meno, yai na unga navyo hapana: vinashikilia joto na kuleta vijidudu, na kuvitoa baadaye kunachubua upya.

MfungaVidonda
Naongezea kuhusu muundi, maana hapo ndipo watu wanapozembea. Ngozi ya muundi ni nyembamba, chini yake ni mfupa, damu inafika kwa uchache, na mguu ukining'inia siku nzima unavimba. Mchubuko mdogo ukiachwa na uchafu katika joto la namna hii unaweza kugeuka kidonda ndugu kikakaa miezi.

Osheni kila siku. Yasipopatikana maji salama, chemsheni maji, yakishaanza kutokota yaacheni dakika 1 nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa. Mkitaka maji ya chumvi ni gramu 9 kwa lita 1. Bila mizani, kijiko 1 cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa kwa kisu, kwa zaidi kidogo ya nusu lita. Yakipita saa 24, mwageni. Mchanga uliobaki utoeni kwa shashi iliyolowa, kutoka katikati kwenda nje.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi msitumie kila siku, zinaunguza pia seli mpya. Tena nawasihi sana: msifungue vidonge vya antibayotiki na kunyunyiza unga wake. Unagandamana, usaha unabaki chini, na mwili unaweza kuukataa kwa vipele. Akikaa, mguu uinuliwe juu ya mto.

Nzi msiwapuuze. Mayai yao huanguliwa funza ndani ya siku moja, kwa hiyo bandeji iliyolowa usaha isilale hadi kesho.

Nuru_K
Asanteni sana. Je, GV, ile dawa ya maji ya zambarau ya kupaka vidonda? Na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, tutajuaje kimeingia vijidudu?

ZamuYaUsiku
GV iacheni kwa sasa. Inapaka zambarau kila kitu, na rangi ya kidonda ndiyo mnayohitaji kuisoma.

Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu peke yake. Tafuteni ngozi iliyozidi weusi au kuelekea zambarau, inayong'aa kwa kuvutika. Gusa kwa mgongo wa kiganja, linganisha na mkono au mguu wa pili: joto limezidi? Maumivu yanapaswa kupungua siku hadi siku. Yakianza kupanda baada ya siku ya 2, ni dalili. Chora mstari kwa kalamu kuzunguka ukingo wa uvimbe, andika saa pembeni. Uvimbe ukivuka mstari, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo usaha unaonuka, homa, mtoki kwa kidonda cha mguu au tezi za kwapa kuvimba kwa cha mkono.

Yapo ya kwenda moja kwa moja bila kusubiri dalili: moto wa usoni, viganjani, nyayoni, sehemu za siri au juu ya kiungo, ulioungua mduara mzima wa mkono au mguu, uliozidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake, ulio mweupe au mkavu usiouma, na mwenye kisukari, hata kama ni mdogo.

MfungaVidonda
Muulizeni pia lini alichomwa mara ya mwisho sindano ya pepopunda. Kwa moto au kidonda kilichoingia udongo, ikiwa imepita miaka 5 anahitaji nyingine. Kwa kidonda kidogo kisafi ni miaka 10. Asiyewahi kumaliza dozi 3 za mwanzo aende sasa, asingoje kidonda kibadilike.