Marseille bila gari: tukae Vieux-Port, Saint-Charles au L'Estaque?

Binti_Kisauni:
Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa tano nitakuwa Marseille na mama yangu, magoti yanamsumbua. Hatukodi gari. Yeye anataka kuiona bahari na lile kanisa la mlimani. Mimi nataka historia ya mji. Nimebakiwa na sehemu tatu: Vieux-Port (bandari ya kale), karibu na stesheni ya Saint-Charles, au L'Estaque. Mnaoujua mji huo, nilinganishieni.

MzeeWaReli:
Dada, kwa magoti hayo chukua Vieux-Port bila kusita. Mji wenyewe uliota kuzunguka bandari hiyo, na usafiri wake vilevile. Tangu 1880 kuna pantoni ndogo inayovusha watu kutoka upande wa Hôtel de Ville, yaani jumba la manispaa, hadi Place aux Huiles. Ni mwendo wa dakika chache tu, lakini mama atakuwa amekaa juu ya maji badala ya kuzunguka gati kwa miguu.

Mdomoni mwa bandari palikuwa na ajabu nyingine: daraja la chuma la 1905, minara miwili na boriti ndefu juu, na chini yake jukwaa limening'inia kwa nyaya, likibeba watu na mikokoteni huku na huku ili meli zipite bila kizuizi. Wajerumani walililipua Agosti 1944. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, mwanzoni mwa 1943, wao pamoja na polisi wa Ufaransa waliwafukuza watu wapatao 20,000 katika mitaa ya zamani ya upande wa kaskazini mwa bandari, kisha majengo kama 1,500 yakabomolewa. Hôtel de Ville iliachwa. Mkiona magorofa ya baada ya vita nyuma ya jengo hilo la kale, mjue pale palikuwa na mtaa mzima. Mwambie mama mapema, maana pakionekana pazuri hivyo mtu hupita bila kujua.

Kapteni_Pangani:
Naunga mkono. Nyongeza kuhusu kanisa: Notre-Dame de la Garde lilizinduliwa 1864, na sanamu ya dhahabu juu ya mnara ina zaidi ya mita 11. Kuanzia 1892 palikuwa na lifti ya mlimani yenye vyumba viwili. Cha juu kilijazwa maji, kikashuka kwa uzito wake na kumvuta mwenzake. Ilifungwa 1967, magari yalipokwisha kuinyang'anya abiria. Sasa ni basi namba 60, linapanda kutoka Vieux-Port hadi karibu kabisa. Zinabaki ngazi za mwisho, mpande polepole. Ndani, tazameni juu: vimeli vidogo vinaning'inia darini, shukrani za mabaharia waliookoka.

Shangazi_Mikindani:
Mbona Saint-Charles mnaitupa? Bei zake mara nyingi ni nafuu, na metro namba 1 (treni ya chini ya ardhi, ya 1977) inakufikisha Vieux-Port kituo cha pili. Stesheni ni ya 1848, na zile ngazi 104 za mbele zilimalizika miaka ya 1920.

MzeeWaReli:
Shangazi, ngazi 104 na mizigo na magoti? Metro nayo, vituo vingi havina lifti. Kwa kijana peke yake, sawa.

Nuru_wa_Ngazija:
L'Estaque nimekaa. Cézanne na Braque waliichora, na upepo wake ni mtamu. Kwenye vibanda vya gatini wanauza panisse, unga wa dengu uliosongwa, ukakatwa na kukaangwa, unaliwa wa moto na chumvi. Lakini iko mbali, kaskazini-magharibi kabisa, na usafiri wa upande huo umecheleweshwa miaka mingi. Metro namba 2 ilifika Bougainville 1987, ikakwama hapo hadi 2019 iliposogezwa kituo kimoja tu, Gèze. Watu wa La Castellane, mtaa wa kaskazini alikokulia Zidane, hadi leo wanategemea mabasi. Inaniuma, kwa sababu wafanyakazi wengi wanaouhudumia mji wanaishi huko.

Kwa hiyo nendeni L'Estaque kutembea. Majira ya joto kuna boti kutoka Vieux-Port. Vinginevyo treni ya Saint-Charles.

Na usiondoke bila kufika upande wa Félix Pyat, kituo cha metro National. Sisi Wangazija wa Komoro tuko wengi Marseille, na wazee wetu wa kwanza walikuja wakiwa mabaharia. Meli za Messageries Maritimes, kampuni ya Kifaransa, zilipita Suez, zikatia nanga Mombasa na Zanzibar, zikaendelea Komoro na Madagaska. Mama akisalimia kwa Kiswahili, atajibiwa.

Binti_Kisauni:
Hilo la Félix Pyat limemfurahisha mama kuliko kanisa. Nachukua Vieux-Port, upande wa Place aux Huiles. Nuru, siku ya Ijumaa baada ya swala tutawakuta watu huko?

Nuru_wa_Ngazija:
Mtawakuta, dada. Niandikie faraghani, nikuunganishe na shangazi yangu.