Famasi ya rejareja Morogoro mjini: nianzie wapi kabla ya kulipa fremu?

Msamvu_Kwetu
Wakuu, salaam. Nimepata fremu barabarani, si mbali na kituo cha afya, na mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima. Mimi si mfamasia, ni mfanyabiashara wa kawaida. Mmoja ananiambia nifungue DLDM (duka la dawa muhimu) kwanza halafu niipandishe iwe famasi, mwingine anasema nianze na leseni ya halmashauri. Utaratibu ukoje, na watu hukwama wapi?

Kinu_na_Mchi
Hiyo kodi usiilipe bado. Kwa Sheria ya Famasi ya 2011 jengo lenyewe linasajiliwa, kwa hiyo unaweza kuwa na mtaji, TIN na mfamasia, fremu ikakuangusha. Nenda kwa Mfamasia wa Halmashauri, ofisi ya Mganga Mkuu, umwombe aione sehemu kabla hujaweka hata kopo la rangi. Atapima umbali kutoka famasi ya jirani na kuangalia mazingira: baa, gereji, dampo, mtaro unaofurika. Fremu ikishindwa kwa umbali, vigae na dari ya jipsamu havitaiokoa.

Jina la biashara kwa msajili, BRELA, na TIN vifanye wakati unasubiri. Eneo likikubaliwa, ndipo unakarabati na kuomba ukaguzi wa pili. Ukifaulu, Baraza la Famasi linatoa cheti cha usajili wa jengo na kibali cha kuendesha biashara. Leseni ya biashara ya halmashauri, ile ya kwenye mfumo wa TAUSI, inakuja baada ya hapo. Ukianza nayo watakuuliza kibali cha Baraza kiko wapi, utarudi nyumbani mikono mitupu.

Haya ni ya Bara. Zanzibar wana mamlaka yao.

Dirisha_la_Dawa
Kwenye DLDM umepotoshwa. Duka la dawa muhimu si ngazi ya kupandia famasi. Mpango ulianzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya duka la dawa baridi, ukilenga vijijini na pembezoni ambako famasi hazifiki. Lina orodha yake ya dawa: za kawaida, na chache za cheti cha daktari kama amoksilini na dawa mseto ya malaria. Anayehudumia ni mtoa dawa aliyepitia mafunzo, na kuchoma sindano dukani ni marufuku. Ukitaka famasi baadaye unaomba upya, jengo linakaguliwa upya. Mjini, karibu na kituo cha afya, wagonjwa watakuletea vyeti vyenye dawa ambazo DLDM haina ruhusa ya kuziuza.

Fremu_Namba_7
Mnamwambia asilipe, lakini fremu nzuri haikai wiki mbili. Mwenye nyumba atampa mwenye duka la simu.

Kinu_na_Mchi
Hoja yako ina uzito. Dawa yake ni mkataba wa pango, si kukimbilia kulipa. Toa kishika nafasi, andika kwamba kodi kamili inalipwa eneo likikubaliwa na Baraza na kwamba la sivyo fedha inarudi. Andika pia kuwa unaruhusiwa kuweka sinki, kiyoyozi na kizigeu. Wenye nyumba wengi hukataa kutobolewa ukuta fundi akiwa tayari mlangoni.

Dirisha_la_Dawa
Sasa mfamasia msimamizi. Kwa vile wewe si mfamasia, maombi yako yanasimama juu yake: awe amesajiliwa, leseni yake ya taaluma iwe hai, na awe na mkataba wa maandishi na wewe. Kabla ya kusaini, hakikisha jina lake halijasimama kwenye famasi nyingine.

Ule mchezo wa kukodi cheti, mfamasia anatundika picha ukutani na kuonekana siku ya mshahara, ndio unaofunga famasi nyingi. Mkaguzi haji kwa miadi. Akimkuta binti wa kaunta anatoa diazepamu bila cheti cha daktari na rejesta haijaandikwa, maelezo ya simu hayasaidii. Msimamizi asipokuwepo, kaunta iwe na fundi dawa sanifu aliyesajiliwa.

Jokofu_Mbili_Nane
Kwenye ukaguzi wa pili watu hufeli vitu vidogo. Jokofu liko, kipimajoto hakuna. Insulini na oksitosini zinakaa nyuzi 2 hadi 8, joto linasomwa asubuhi na jioni na kuandikwa. Usiziweke mlangoni, pana joto kuliko ndani, wala zisigusane na ukuta wa nyuma unaogandisha. Insulini iliyoganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Na kwenye jokofu la dawa hailali soda.

Chumba nacho kinahitaji kipimajoto chake. Dawa nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30, baadhi 25, na Morogoro ya Februari unaijua. Katoni ziwe juu ya chaga, si sakafuni. Weka kabati la kufunga kwa dawa zinazodhibitiwa, sinki lenye maji yanayotoka kweli, na sehemu iliyoandikwa ya dawa zilizoisha muda. Hizo hazitupwi jalalani, unaomba TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, utaratibu wa kuziteketeza.

Mzigo nunua kwa muuzaji wa jumla mwenye kibali na utunze kila ankara. Boksi lenye alama ya MSD (Bohari ya Dawa) au GOT, yaani dawa za serikali, likikutwa kwenye shelfu yako, hilo ni la polisi.

Msamvu_Kwetu
Asanteni sana. Mfamasia akiacha kazi katikati ya mwaka?

Dirisha_la_Dawa
Unaliarifu Baraza kwa maandishi na kuleta mwingine. Weka notisi ndefu kwenye mkataba, miezi mitatu inatosha, la sivyo utafunga mlango ukitafuta mtu. Ukihama jengo au ukiuza biashara, kibali hakihami nawe wala hakimfuati mnunuzi. Na kinaisha 30 Juni hata kama ulikipata Aprili, kwa hiyo piga hesabu ya ada kabla ya kuchagua mwezi wa kufungua.