Naomba ushauri: kaachishwa kazi akiwa mjamzito, asaini malipo au aende CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi)?

Wakuu, naombeni ushauri kwa niaba ya dada mmoja, mkataji wa minofu ya sangara kiwandani huku Ilemela. Ana miaka 3 kazini, mimba miezi 5. Barua inasema "kupunguza wafanyakazi", lakini kwenye meza yao ya watu 12 wameondolewa wajawazito wawili tu, na wiki iliyofuata nafasi zikajazwa. Hakukuwa na notisi ya kusudio wala mashauriano, ambavyo kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinavitaka.

Leo ni siku ya 19 tangu aachishwe. Fomu namba 1 ya CMA (ya kupeleka mgogoro) iwasilishwe ndani ya siku 30, mwajiri apewe nakala na kusaini kupokea. Wengi hukwama hapo: wanasubiri ahadi za meneja, siku zinaisha, wanaanza kuomba kuongezewa muda.

Mwajiri anataka asaini kupokea mishahara 2 na kwamba "hana madai mengine". Naona asisaini. Mzigo wa kuthibitisha sababu halali ni wa mwajiri, na dada ana kadi ya kliniki pamoja na meseji ya msimamizi: "Ukishajifungua tutaona."

Waliopitia usuluhishi, adai kurudishwa kazini au fidia? Na yule mjamzito mwenzake, wajaze fomu moja?