Naomba ushauri: picha za familia ufukweni Bagamoyo

Wakuu, salaam. Mwezi ujao tunataka kupiga picha za familia Bagamoyo: mimi, mke wangu, watoto wawili na bibi yao. Sio zile za studio za kukaza shingo kama za pasipoti. Tunataka za maisha yetu ya kawaida, tukitembea mchangani, bibi akimsuka mjukuu, watoto wakila mihogo ya kukaanga.

Mpiga picha kasema tuanze saa 10:30 jioni, maana jua la utosini linatia vivuli machoni. Hilo sawa. Kinachonisumbua ni maji. Pale bahari ikipwa inakwenda mbali sana, unabaki na tope na majani, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Je, niangalie kwanza ratiba ya maji kujaa na kupwa ndipo nipange tarehe? Au yakipwa ndiyo picha zinanoga, madau yakiwa yamelala ubavu?

Halafu nguo. Mke wangu anataka wote tuvae kitenge cha aina moja. Mimi naona tutafanana na kwaya; bora rangi zinazoendana tu, bibi abaki na kanga zake. Waliowahi kupiga, mlivaaje?

Mdogo ana miaka 3, akishikwa na usingizi hakuna wa kuongea naye. Alale kwanza mchana, au tuanze naye tumalizane? Na malipo je, mnatanguliza nusu au mnalipa mkishapokea picha zilizosafishwa?