MREJESHO: Fuko na utupa shambani

Wakuu, niliuliza namna ya kuwafukuza fuko wanaomaliza viazi vyangu kwa chini, bila sumu wala mitego. Wengi mlisema nizungushie shamba mmea uitwao utupa, nikapanda mvua zilipoanza.

Utupa hauna haraka. Ulipokuwa mche mdogo fuko walipita chini yake kama haupo. Ulipofika usawa wa kifua ndipo vilima vipya vya udongo vikahamia nje ya mstari, upande wa jirani (anisamehe). Ndani bado kinaibuka kimoja kimoja, hasa nilipoacha nafasi kubwa kati ya mche na mche. Unawakera tu, hauwazuii kabisa, na mimi hapo nimeridhika.

Zaidi ya hayo ni jamii ya kunde, unarutubisha udongo kwa naitrojeni, na majani nikipogoa natandaza kwenye mahindi. Ila ndio ule ule wanaoleweshea samaki mtoni, una rotenoni, sumu inayodhuru samaki. Mwenye bwawa la samaki aupande mbali, na majani yasidondokee humo.

Aliyeshauri vitunguu saumu: nimevipanda pia. Fuko hawakuvigusa. Walikula viazi vilivyo pembeni yake.