Naomba ushauri: karate naipenda, ila dojo (ukumbi wa mazoezi) inanikatisha tamaa

Habari zenu wakuu. Nafanya Shotokan, mtindo mmoja wa karate, hapa Dar, nina mkanda wa kijani. Sensei wetu siku hizi anawanoa vijana wa mashindano tu, kumite (kupigana na mpinzani) mwanzo mwisho. Sisi wengine tunaachiwa kurudia wenyewe Heian Yondan, moja ya kata (mfululizo wa mbinu uliopangwa), hakuna wa kukurekebisha nyonga wala msimamo. Ada ya mtihani nayo imepanda bila maelezo. Inauma, kwa kweli.

Kuhama naogopa: dojo ya karibu ni ya Goju-Ryu, mtindo mwingine, kata zao tofauti, huenda nikarudishwa mkanda mweupe. Na karate siiachi, ikipita wiki bila mazoezi mwili unadai.

Mliopitia haya, ari mliitunzaje? Nimfuate sensei mwenyewe, au nimpitie mkubwa mmoja wa mkanda mweusi anisemee?