Mkataba unanifunga miaka 2 hapa Doha, nitatokaje?

KijanaWaKilifi
Salaam wakubwa. Mimi ni mlinzi hapa Doha, kambi yetu iko Industrial Area, nasimama langoni mwa jengo la maduka saa 12 kwa zamu. Mwaka umepita, miwili haijafika. Hoteli moja ya Lusail imenisaili na kunikubali: mshahara wa msingi riyali 1,600, chumba cha watu wawili. Hapa nalipwa ule wa chini kabisa, 1,000, na nalala kitanda cha juu, chumba cha watu wanane, mmoja wao anakoroma hadi AC haisikiki.

Tatizo ni mkataba. Kifungu kimoja kinasema nikiacha kazi nisiajiriwe na "mshindani yeyote" ndani ya Qatar kwa miaka 2. Kingine, nikitoka kabla ya muda nilipe riyali 5,000 za "gharama za kuletwa". Kuletwa na nani? Ajenti wa Mombasa tulimlipa sisi, mama akauza ng'ombe! Meneja wa kambi naye ananiambia bila NOC (barua ya mwajiri ya kuniruhusu kuhama) siendi popote, na pasipoti yangu kaifungia kabatini kwake eti kwa usalama. Nivumilie nimalize, ama nifanye kama yule jamaa wa chumba jirani aliyebeba begi usiku akapotea?

Bakari_Mzee_wa_Doha
Usitoroke, mdogo wangu. Ukitoroka unawapa kisu na shingo. Wakikuripoti umetoroka, haki yote uliyokuwa nayo inageuka kesi yako.

Habari ya NOC ni hadithi ya zamani. Sheria namba 18 na 19 za mwaka 2020 ziliiondoa. Unatoa notisi tu: aliyefanya kazi miaka 2 au chini ni mwezi mmoja, aliyezidi ni miezi miwili. Hata aliye kwenye majaribio anaweza kuhama, ila huyo mwajiri mpya humfidia wa zamani gharama za kumleta na tikiti, isizidi mishahara miwili ya msingi. Analipa mwajiri, si mfanyakazi. Ukiondoka bila kutimiza notisi, unachodaiwa ni mshahara wa msingi wa siku zilizobaki. Hizo 5,000 zao wameziokota wapi sijui.

Pasipoti: kukushikia ni kosa kwa sheria namba 21 ya 2015, faini hadi riyali 25,000. Mwambie kwa adabu, umwone atakavyotafuta funguo.

Mwanasheria_Mtarajiwa
Niongeze kuhusu huo "ushindani", maana hapo ndipo wengi wanatishwa. Kifungu cha namna hiyo kinaruhusiwa pale ambapo kazi yenyewe inakupa kujua wateja au siri za biashara. Lazima kitaje eneo na aina ya kazi, na kwa mabadiliko ya 2020 hakizidi mwaka mmoja. Miaka 2 yao tayari imevuka. Halafu siri gani anaijua mlinzi wa lango? Saa ngapi lori la maziwa linaingia? Na hoteli inauza vitanda, kampuni yenu inauza walinzi. Ushindani uko wapi?

NdugumtuQatar
Mnaongea vizuri sana kwenye karatasi. Rafiki yangu alipeleka barua ya kuacha kazi, HR (ofisi ya wafanyakazi) wakakataa kuipokea, baada ya wiki akasikia ameripotiwa mtoro. Notisi alikuwa bado anaitumikia, kazini anaenda kila siku! Sheria ipo, ila kampuni nyingi bado zinataka ubembeleze.

Bakari_Mzee_wa_Doha
@NdugumtuQatar kweli kabisa, ndiyo maana simwambii akabidhi barua mkononi. Notisi ipitie mfumo wa mtandaoni wa Wizara ya Kazi, pamoja na mkataba wake na barua ya ofa ya hoteli. Hapo HR wakikataa kupokea, wanakataa nini? Aendelee kuripoti zamu hadi siku ya mwisho, apige picha daftari la mahudhurio. Wakimchezea, zipo kamati za kusuluhisha migogoro ya kazi tangu 2018. Kisheria zinatakiwa kuamua ndani ya wiki tatu. Usitegemee wiki tatu.

DadaWaRiyadh
Nyinyi mna bahati. Huku Saudia mageuzi ya Machi 2021 yaliruhusu watu wa makampuni kuhama, lakini sisi wa majumbani tukaachwa nje, pamoja na madereva wa nyumbani na watunza bustani. Binamu yangu ni dereva wa familia, kila akitaja kuhama anaulizwa kama amechoka kuishi vizuri. Kaka, hamia Lusail haraka.

KijanaWaKilifi
Asanteni sana. Hoteli wamesema wataanza wao upande wao wiki hii. Swali moja: kiinua mgongo nacho nitakipata au nimekiacha?

Bakari_Mzee_wa_Doha
Ukishapitisha mwaka ni chako: si chini ya wiki tatu za mshahara wa msingi kwa kila mwaka. Kwa 1,000 yako ni kama riyali 700 kwa mwaka, na miezi ya ziada inahesabiwa. Watakuletea karatasi ya Kiarabu ya kusaini kwamba umelipwa kila kitu. Usiiguse kabla hela haijaonekana benki.